Mwasumini Hauendi Peke Yake

Asumini ni katika maua ambayo malenga wa pwani hawakuchoka kuyataja. Mshairi akitaka weupe wa meno, asumini ipo. Akitaka harufu ya nyumba iliyopokea bibi harusi, asumini ipo. Akitaka kusema kwamba usiku umeingia na mpenzi hajafika, hana haja ya kutazama saa. Husema tu kwamba asumini zimefunguka. Lakini katika sifa zote hizo ni nadra kusikia habari za mwasumini wenyewe, kile kichaka cha majani mabichi mwaka mzima kilichosimama nyuma ya nyumba, kando ya birika, kikinyweshwa na mtu ambaye shairi halimtaji. Ua limepata malenga wake. Kichaka bado kinamsubiri wa kwake.

Makala haya yanakihusu kichaka hicho, na si kile cha Unguja, Lamu au Mombasa, ambako hewa yenyewe humlea, bali kile kinachopandwa mbali na bahari, katika nchi ya Unyamwezi, Tabora na vitongoji vyake, hadi Choma ya Wilaya ya Igunga, upande wa Manonga. Huko mwasumini ni mgeni, na mgeni hujulikana tabia yake akiwa ugenini.

Inafaa kuanza na mwaka 1858. Katika mwaka huo, uliokuwa 1275 wa Hijria, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utenzi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Mama alikuwa mgonjwa, na aliyoyaandika aliyaandika kama mtu anayefunga mzigo wa mwisho wa mwanawe. Pamoja na mambo ya dini, ya ulimi na ya kuishi na watu, hakuona aibu kumwagiza binti atunge asumini na kuziweka kitandani. Wasomaji wengine hupita hapo haraka, wakidhani ni pambo tu. Si pambo. Ni kazi iliyoagizwa, na aliyeiagiza alijua kwamba asumini ya kutungwa usiku lazima iwe imechumwa jioni, na ya kuchumwa jioni lazima iwe na kichaka, na kichaka lazima kiwe na mtu wa kukitunza tangu asubuhi.

Mwaka huo huo wa 1858, mbali sana na Pate, Richard Burton na John Speke walirudi Kazeh, yaani Tabora, wakitoka Ujiji. Mara ya kwanza walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo. Burton aliwakuta Waarabu wa Unyanyembe wakiishi maisha ya raha, katika nyumba kubwa zenye kuta imara, na akaandika kwamba bustani zao zilikuwa pana na zimepandwa vizuri. Kwa hiyo wakati mama wa Pate anausia juu ya kutunga asumini, watu wa pwani hiyo hiyo, wenye lugha na mapishi na manukato hayo hayo, walikuwa tayari wameweka bustani katikati ya bara. Kati ya bustani hizo na bahari palikuwa na njia ndefu ya miguu. Habari ya mwasumini imo katika njia hiyo.

Wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac. Linnaeus aliuorodhesha mwaka 1753 akauweka katika jamii nyingine, na mwaka 1789 Aiton akauingiza katika jamii ya miasumini, ulipo hadi leo. Neno sambac limetokana na Kiarabu zanbaq; na asumini, au yasmini kwa wanaopenda matamshi ya zamani, ni neno la Kiajemi lililopita kwa Waarabu kabla ya kutua kwetu. Mmea wenyewe asili yake ni upande wa Bara Hindi na nchi za jirani zake. Kwa hiyo hata pwani mwasumini ulikuwa mgeni kabla ya kuwa mwenyeji. Ufilipino uliufanya ua lake la taifa mwaka 1934, na Indonesia ikaufanya ua la taifa mwaka 1990. Wachina hutia harufu yake katika majani ya chai. Popote ulipofika uliombwa kukaa.

Ni kichaka kinachosimama na kutambaa kwa wakati mmoja. Kikiachwa, matawi yake hurefuka na kuegemea ukuta au uzio. Kikipogolewa, hushikamana na kuwa duara la kijani kibichi. Majani yamekaa mawili mawili, pengine matatu matatu, yakiwa mazito kidogo na yenye kung'aa. Maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga, kwa vishada vya maua machache machache. Tumba hukaa mchana kutwa limejifunga kama punje ya lulu, na jua likizama huanza kufunguka. Usiku mmoja ndio fahari yake. Kesho yake ua hulegea, huanza kugeuka rangi ya zambarau hafifu pembezoni, kisha huanguka. Liko ua la petali chache za safu moja, na liko lililojaa petali kama waridi dogo. La kwanza hutungwa kwa urahisi, la pili huvaliwa moja moja.

Lakini tabia yake kubwa, ambayo malenga hawakuigusa, ni kwamba mwasumini wa bustani ni nadra kuzaa mbegu. Unachanua, unanukia, unaanguka, na mara nyingi hapana kinachobaki. Haumtumi ndege, wala hautumi upepo, wala hausubiri maji ya mvua yauchukue. Ukitaka mwasumini wa pili, lazima mtu akate tawi la wa kwanza na kulipanda, au alaze tawi chini na kulifukia hadi lishike mizizi. Maana yake ni kwamba kila mwasumini unaouona umepandwa na mkono, na mkono huo ulipokea tawi kutoka mkono mwingine, na huo kutoka mwingine, bila mnyororo kukatika hata mara moja. Pengo moja tu la kusahau, na mmea ungeishia hapo.

Walio karibu na misitu na nyika za Afrika Mashariki watauliza: mbona miasumini iko porini na haikupandwa na mtu? Swali ni zuri, na Kiswahili kilikwisha lijibu. Ile ya porini haiitwi mwasumini. Inaitwa mwafu, na ua lake afu. Mmoja katika hiyo, ambao wataalamu huuita Jasminum fluminense, ni mwenyeji halisi wa Afrika. Una maua meupe yenye harufu, na baada ya maua hutoa matunda madogo meusi ambayo ndege huyala na kuyapeleka wanakotaka. Jina lake la kitaalamu linautaja mji wa Rio de Janeiro, kwa kuwa ni huko Brazili ulikoandikwa kwanza, baada ya kuvushwa bahari kutoka Afrika. Mtoto wa kwetu amepewa jina la ugenini. Hata Florida, huko Marekani, ndege wameueneza hadi watu wa misitu wanaupiga vita. Afu na asumini ni ndugu. Mmoja husafiri bila kuomba ruhusa, na mwingine hawezi kuvuka ua wa nyumba asipobebwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya njia ya misafara isomwe upya. Njia ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, ile nchi ya kiu iliyotisha wapagazi, ikatokea Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, pamoja na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Msafiri wa leo akifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huoneshwa tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na huoneshwa miembe. Miembe hiyo ndiyo ushahidi unaopendwa na wote. Watu walikula maembe njiani, wakatupa kokwa, kokwa zikaota. Au walipanda kwa makusudi ili kivuli kiwapokee warudio. Vyovyote iwavyo, mwembe una kokwa, na kokwa ni mzigo mwepesi usiohitaji huruma. Hukaa mfukoni, husahauliwa, hutupwa, huota.

Mwasumini haungeweza kufika hivyo. Stanley aliyekwenda mbio alitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kufika Unyanyembe mwezi Juni. Tawi lililokatwa, hata likifungwa kwa kitambaa kibichi, halivumilii muda huo. Hukauka au kuoza. Hivyo mmea wa kwenda Unyanyembe kwa miguu ulipaswa kuwa tayari na mizizi, ndani ya chungu au kikapu chenye udongo, au uhamishwe kituo kwa kituo, ukipandwa, ukikua, ukikatwa tena. Kwa njia zote mbili maji yalihitajika kila siku. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, za nguo, shanga au pembe. Katika Mgunda Mkali maji yalipimwa kwa kibuyu. Maji yaliyomiminwa juu ya mmea yalikuwa maji ambayo koo la mtu fulani halikuyapata.

Hapa ndipo uzuri unapodaiwa hesabu yake. Njia hiyo haikubeba nguo na pembe tu. Ilibeba watu waliofungwa. Bustani pana alizoziona Burton hazikulimwa na wenye majina yaliyomo vitabuni. Zililimwa, zikachotewa maji na kupaliliwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Kwa miaka mingi, basi, mikono iliyokata matawi na kuyafukia haikuwa mikono huru. Mwenye kuisifu asumini ya bara bila kuikumbuka mikono hiyo amenusa ua na kukanyaga aliyelipanda.

Wala si kweli kwamba habari yote ni ya bwana na mtumwa. Unyanyembe palikuwa pia mahali pa ndoa na ukwe. Hamed bin Muhammad, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa mwana wa mfanyabiashara aliyemwoa binti wa Mtemi Fundikira. Katika nyumba za namna hiyo mwanamke wa Kinyamwezi alijifunza kufukiza udi, na mtu wa pwani alijifunza kula ugali wa mtama. Tabora ikawa mji wenye mtaa uitwao Ng'ambo kama Unguja ilivyo na Ng'ambo yake, na mwingine uitwao Gongoni. Kiswahili kilipanda njia ile ile, nacho vilevile hakikupeperushwa na upepo. Kilitoka kinywa hadi kinywa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa ya siku. Tangu hapo tawi la mwasumini lililofungwa kwa kitambaa kibichi liliweza kuondoka pwani na kufika likiwa hai. Mzigo wa mpagazi ukawa mzigo wa mapajani mwa abiria.

Ndivyo ulivyofika mwasumini wa Choma unaosimuliwa hapa. Bibi mmoja wa pwani aliolewa huko, akaondoka kwao na vijiti vitano ndani ya kanga iliyoloweshwa, akiwa amevishika mapajani njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Vitatu vilifika vikiwa na uhai. Alivipanda kama alivyoona mama yake akipanda: akachimba shimo, akachomeka, akamwagia maji.

Choma si kisiwani. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande ule ni mbuga, udongo mweusi unaopendwa na pamba. Mvua ikinyesha, udongo huo hunata na kushika maji kama bakuli. Jua likiwaka, hupasuka nyufa ambazo mkono unaweza kuingia. Mvua zenyewe huanza Novemba na kukoma Aprili, na baada ya hapo ni miezi ya ukavu na upepo, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ambayo mtoto wa pwani huiita ugonjwa. Mwasumini hupenda jua, lakini hutaka mizizi yake ipumue. Katika masika ya kwanza vijiti viwili vilioza. Cha tatu kilichipua, kisha majani yake machanga yakaanza kugeuka manjano, mishipa ikibaki ya kijani, mfano wa ramani yenye mito.

Bibi aliona manjano akadhani ni kiu, akaongeza maji. Majani yakazidi manjano. Jirani akamshauri atie majivu, kwa kuwa majivu hufukuza mchwa, na mchwa wa huko hawana mzaha. Hali ikawa mbaya zaidi. Maana ya mambo hayo ni hii: udongo mweusi wa mbuga mara nyingi una chokaa au magadi mengi, na katika udongo wa aina hiyo madini ya chuma hujifunga, yakawepo lakini mmea usiweze kuyanywa. Jani changa likikosa chuma hushindwa kutengeneza ukijani wake. Maji mengi huziba hewa na kuongeza shida, na majivu, kwa asili yake, huongeza yale yale magadi. Mmea ulikuwa na njaa katikati ya chakula.

Dawa aliipata kwa kutazama, si kwa kusoma. Aliona kwamba mchicha wa jirani uliopandwa kwenye tuta lenye udongo wa kichanga, ule ambao wenyeji huuita luseni, ulikuwa wa kijani kibichi. Akaagiza magunia ya udongo huo, akachanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na majani makavu yaliyogeuka mboji, akainua tuta la urefu wa goti, akalizungushia mawe, akahamisha kichaka chake mwanzoni mwa mvua. Mboji ina uchachu wake mpole, na uchachu huo hufungua kile magadi yalichofunga. Baada ya miezi majani mapya yalitoka ya kijani. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga. Na huyu aliuwahi kabla haujawa jiwe.

Likabaki swali la maji, nalo ni zito kuliko la udongo. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Viktoria yameletwa kwa mabomba hadi miji ya Nzega, Igunga na Tabora, lakini vijijini ndoo bado ni ndoo, na kichwa cha mwanamke bado ni njia yake. Mama mkwe aliyemkuta binti wa watu akimwagia ua maji ya kiangazi alimwambia kwa upole uliokuwa mkali kuliko ukali:

"Mwanangu, ua haliliwi."

Naye akajibu, "Ni kweli, mama. Wala sitalinywesha maji ya kunywa."

Akatimiza. Kwao pwani kichaka cha asumini hupandwa karibu na birika au mahali pa kutawadhia, na yeye alikuwa amekichukulia desturi hiyo kuwa ya urembo. Choma ilimfundisha sababu yake. Maji ya udhu hayana sabuni. Ni maji yaliyogusa mikono, uso na miguu, yakaanguka. Akahamisha jiwe la kutawadhia, akachimba mfereji mdogo, na mara tano kwa siku kila aliyejiandaa kwa sala alikinywesha kichaka pasipo kuongeza hata kata moja. Maji ya kuoshea mchele na mboga yakafuata njia hiyo hiyo. Ya kufulia aliyakataza, kwa sababu chumvi za sabuni ya unga hujikusanya udongoni na kurudisha ugonjwa ule ule wa manjano. Chini ya kichaka akatandika nyasi kavu ili jua lisinyang'anye kilichotolewa. Wala mchwa hakuwasahau: nyasi hizo aliziweka mbali kidogo na shina, akawa anazigeuza kila juma. Mbuzi aliwazuia kwa miiba.

Yule mama mkwe hakusema tena neno. Lakini ilionekana kwamba baada ya muda alianza kutawadha polepole zaidi.

Kichaka kilipotimiza mwaka wa pili kilikuwa kirefu na cha kijani, na maua machache. Hapo ndipo wengi hukata tamaa au huongeza samadi, na samadi nyingi huleta majani, si maua. Mwasumini huchanua kwenye ncha changa. Tawi la zamani lisiloguswa hukaa limeridhika na uzee wake. Kwa hiyo mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua ya kwanza haijagonga bati, mwenye mwasumini hushika kisu kikali na kupunguza kila tawi kwa theluthi au nusu, akitoa yaliyokauka na yanayosongana katikati. Kwa siku kadhaa kichaka huonekana kama kimeibiwa. Kisha mvua huja, na kila jeraha hutoa ncha mbili, na kila ncha hutoa kishada. Baridi ya Juni ikirudi, maua hupungua, na hapo hapana haja ya hofu; mmea unapumzika. Kiangazi kikiwa kikavu mno, utitiri hushambulia chini ya majani na kuyafanya yaonekane kama yamenyunyiziwa vumbi. Kuyaosha kwa maji upande wa chini, asubuhi, mara nyingi hutosha.

Uchumaji una adabu yake. Tumba huchumwa alasiri likiwa limejaa na jeupe lakini bado limefumbwa, kwa kucha mbili, bila kuvuta tawi. Huwekwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Likitungwa kwa uzi kabla ya magharibi, hufungukia shingoni au nyweleni mwa aliyelivaa. Mwenye kutunga kikuba huchanganya asumini na mrehani, na akipata huongeza mkadi au mlangilangi. Choma hakuna mkadi. Mrehani upo, na kivumbasha kipo, na kikuba cha Choma hunukia kwa namna yake: pwani kwa juu, bara kwa chini.

Harusi ya kwanza iliyotumia asumini hizo haikuwa ya mtu wa pwani. Alikuwa binti wa jirani yule wa majivu. Jioni ile wanawake walikaa ukumbini wakitunga, na wengi wao walikuwa hawajawahi kulishika ua hilo. Asubuhi yake watatu walirudi. Hawakutaka maua, walitaka matawi.

Kutoa tawi ni jambo dogo kulifanya na kubwa kulifikiri. Huchaguliwa tawi lisilo changa sana wala gumu sana, hukatwa urefu wa kiganja, lenye vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini huondolewa, ya juu hubakizwa mawili, na kijiti huchomekwa katika mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, mahali penye unyevu. Baada ya majuma manne hadi sita huwa kimeshika. Asiye na haraka hulaza tawi la chini, hulichuna gome kidogo penye kifundo, hulifukia na kulibana kwa jiwe, hulikata na mama yake likiwa tayari linajitegemea. Njia hii ya pili ni salama zaidi mahali pa ukavu, kwa kuwa mtoto hunyonya hadi apate meno.

Historia ya ua hili inaye pia mtu aliyekataa kutoa. Cosimo wa Tatu, mtawala wa Toscana huko Italia, alipata mwasumini wa petali nyingi kutoka Goa mwishoni mwa karne ya 17, akaulinda asipate mwingine. Husimuliwa kwamba mtunza bustani mmoja aliiba tawi akampelekea mchumba wake, naye akalipanda, na kutoka hapo ukaenea. Iwe kweli iwe hadithi, wanaolipenda ua hili wameisimulia kwa sababu wanaujua mmea wao: mwasumini uliofungiwa ni mwasumini unaosubiri kufa na mwenyewe. Mmea usio na mbegu hauna akiba nyingine ila nyumba za watu. Uliogawiwa nyumba kumi hauuawi na kiangazi kimoja.

Hilo ni la kukumbukwa zaidi leo, kwa kuwa chupa ya manukato ni rahisi kununua kuliko kichaka kukilea, na nyumba mpya hujengwa hadi mpakani, pasiachwe hata pa kuweka birika. Asumini za kwenye mashairi hazitapungua. Zitaendelea kunukia vinani hata siku ambayo msomaji hataweza kuutambua mti wake. Lugha ina uwezo huo wa kuhifadhi jina baada ya kitu kuondoka. Lakini Mwana Kupona hakumwusia bintiye ataje asumini. Alimwusia azitunge, na mwenye kutunga huhitaji ua lililo hai.

Malenga wa visiwani, basi, hawakatazwi kusifu weupe wala harufu. Wanaombwa waongeze ubeti. Uwemo mkono uliobeba chungu katika Mgunda Mkali na jina lake halikuandikwa. Iwemo kanga mbichi mapajani mwa msafiri wa garimoshi. Uwemo udongo mweusi, na mboji, na maji ya udhu yakitiririka kwenye mfereji mdogo. Ubeti huo hauhitaji maneno makubwa. Huko Choma, kwa hesabu ya mwisho, yule bibi alikuwa amegawa matawi kwa nyumba saba, na katika nyumba mbili kati ya hizo wenyewe walikuwa wamekwisha gawa ya kwao.